Kadi Kumi na Moja za Marehemu

Sina hakika kama mambo haya nayaeleza kwa haki. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza nikiwa nimekosa siku nyingi. Lakini mwandiko wangu ulisomeka, na kwa sababu hiyo timu yetu ya mpira ikanipa kazi ya kutunza rejista ya wanachama. Kazi ya kunilisha ilikuwa nyingine. Nilikuwa fundi viatu pale Adams Arcade, kibanda kikitazama barabara ya Ngong, na viatu vya wachezaji wetu vikipasuka nilivishona mimi. Nikifunga kibanda niliandika machache ya siku hiyo kwenye daftari langu mwenyewe. Haya nayatoa humo. Pale daftari liliponyamaza nimejaribu nisiongeze chumvi.

Timu yetu haikuwa na tajiri. Ilianzishwa na matarishi, makarani na mafundi waliofanya kazi katikati ya jiji na kulala Kawangware, Riruta na Dagoretti, wakaisukuma mpaka ikafika ligi kuu. Kila mwanachama alikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa kura moja, awe meneja wa benki au mfagiaji wa benki hiyo hiyo. Tulijivunia jambo hilo kuliko vikombe, maana vikombe vyenyewe vilikuwa viwili. Upande wa mishahara ya wachezaji sikuwa na la kujivunia. Ilikuja kama mvua ya Ukambani: unaliona wingu, unashika jembe, wingu linapita kando.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Mwanachama akifa, mwenyekiti alikwenda mazishini na kumrudishia mjane au mtoto kadi ya marehemu, akasema mbele ya watu, "Timu bado ni yenu." Yalikuwa maneno ya kufariji. Lakini sisi tuliyachukua kama yalivyo. Siku ya mkutano mkuu wa mwaka, mjane au mtoto alikuja na ile kadi, akaiweka juu ya kiti kitupu kando yake, na wakati wa kura akaiinua. Nilimhesabu marehemu pamoja na walio hai. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, na mimi mwenye rejista ndiye niliyepaswa kuuliza.

Aliyeitunza desturi hiyo kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Riruta. Asili yake ilikuwa Kitui. Mumewe alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini na golikipa wetu wa kwanza kabisa. Alipofariki, mama yule hakukosa mkutano hata mmoja. Alikuja na kitambaa cheupe kichwani, akafuta kiti kwa kiganja, akaweka kadi, kisha ndiyo akakaa. Kila tulipopiga kura ya kubadilisha jambo lolote kubwa, kadi ile ilisema hapana. Mimi pia ni mtu wa hapana. Kwa hiyo moyoni nilimhesabu kuwa wangu.

Sasa ikaja barua kutoka ligi. Walikuwa wamechoka na timu zisizojulikana ni za nani. Kulikuwa na minong'ono kwamba mtu anaweza kuwa na mkono katika timu mbili, halafu timu hizo zikutane siku ya mwisho ya msimu, moja ikihitaji pointi na nyingine haihitaji kitu. Barua ilitaka kila timu ipeleke orodha ya wenye timu, jina na namba ya kitambulisho, watu walio hai. Nitakuwa muongo nikisema ilikuwa barua mbaya. Niliisoma mara mbili na mara zote mbili niliona wana haki.

Barua ilitukuta tukiwa na jambo lingine mezani. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vigae Westlands alitaka kununua sehemu kubwa ya timu, sisi wanachama tubaki na theluthi. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa, babu yake alizikwa Nairobi. Watu wengine walimsema vibaya kwa sababu hiyo tu, na nikiandika haki sharti niandike kwamba hawakuwa na sababu nyingine. Mtu mwenyewe alikuwa shabiki tangu akivaa kaptura. Beki wetu alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyempakia kwenye gari lake na kukaa naye hospitali mpaka jioni. Nami niliogopa kwa sababu zangu. Niliogopa siku atakapoamka na hasira, au atakapokufa, au atakapoipenda tenisi.

Alipita kibandani kwangu wiki mbili kabla ya mkutano, amebeba viatu vya kiungo wetu wa katikati, soli imeachia.

"Fundi, najua wewe hunitaki," akasema.

"Wewe nakutaka. Kununua ndiyo sitaki."

Akacheka. "Hiyo ni sawa. Lakini kura za upande wangu zihesabu vizuri. Nikishindwa nitarudi pale pale kwa jukwaa, nitapiga kelele na nyinyi."

"Wanunuzi wote husema hivyo kabla."

"Wengine umewaona wangapi?"

Sikuwa nimemwona hata mmoja. Nikaendelea kushona.

Nilikaa na rejista siku nzima ya Jumapili. Marehemu walikuwa kumi na mmoja. Wakili mmoja, mwanachama wetu, alikuwa ameshanieleza bila kuzunguka: mtu aliyekufa hamiliki kitu, na aliyebaki akitaka kuingia aandikwe upya kwa jina lake. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mwanachama mpya kwetu hakuruhusiwa kupiga kura mpaka mwaka mzima upite.

Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Miaka michache nyuma mtu aliyetaka uenyekiti alituletea lori zima la wanachama wapya. Kadi zao zilinuka wino. Mimi huangalia viatu kabla ya uso, na viatu vyao vyote vilikuwa na saruji mbichi: walikuwa wametolewa kwenye mjengo fulani asubuhi hiyo hiyo. Nilimuuliza mmoja golikipa wetu ni nani, akanijibu kwamba golikipa yuko njiani anakuja. Mkutano uliofuata nikasimama, nikasema mtu akae nasi mwaka mmoja kwanza, atulie, anyeshewe na sisi. Watu wakapiga makofi. Sheria hiyo ndiyo kitu pekee nilichowahi kukisema mbele ya watu kikaandikwa.

Katibu wetu alinikuta juu ya rejista. Alikuwa karani wa serikali, mwepesi wa mawazo, na alikuwa upande wetu wa kutouza.

"Yule mama wa Riruta," akasema, "andika namba yake ya kitambulisho mbele ya jina la mzee wake. Nani ataenda kuangalia?"

"Jina ni la mwanamume."

"Fundi, hao watu wa ligi wana timu ngapi za kusoma? Na wale watoto wengine wa marehemu, fanya hivyo hivyo. Tunahitaji kura."

Naomba nisijifiche hapa. Nilimwambia hapana, lakini alipoondoka nilichukua penseli na kuweka alama ndogo mbele ya jina la yule golikipa wa zamani, mahali pa namba. Nilijiambia nafanya kwa huruma, mama wa watu asivunjike moyo. Alama ilikaa hapo siku tatu. Siku ya nne nilijiuliza: kama mama huyu angekuwa upande wa muuza vigae, ningekuwa na huruma hiyo? Sikupenda jibu. Nikaifuta, na Jumamosi, kwa kuwa hatukuwa na mechi, nikachukua rejista kwapani nikatembea mpaka Riruta.

Nilimkuta nje ya chumba chake akichagua maharagwe kwenye ungo. Aliniangalia kuanzia chini.

"Fundi viatu, na chako kimefungua mdomo."

"Cha fundi hungoja, mama."

"Kaa hapo. Umekuja kuchukua kadi."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu huja kunisalimia na kitabu kwapani."

Akaniletea chai. Nilimweleza yote: barua, wakili, kadi za marehemu. Hakuacha kuchagua maharagwe. Nilisema jina la mzee halitafutwa, litakaa kwenye ukurasa wa waanzilishi, ni kura tu itakayoondoka.

"Kura tu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

"Wewe nitakuandika leo hii. Lakini kura yako itangoja mwaka upite."

"Hiyo sheria ya mwaka ilitoka wapi?"

Ningeweza kusema ni ya timu. "Ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeitaka. Nilitaka kuzuia watu wa lori."

Ungo ukasimama. Nilidhani atakasirika. Akatikisa kichwa polepole, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mtego wa panya, fundi."

Sote wawili tulijua methali hiyo inavyomalizika, kwamba huingia waliomo na wasiokuwemo, basi hakuna aliyeimalizia. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema kweli nikaona nimalize. Nikamwambia na ile habari ya penseli. Kwamba wangeweza kumpitisha kwa namba yake mbele ya jina la mumewe, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nusu nimekubali.

"Mngenipitisha ili nipige kura gani?"

"Ya kutouza."

"Nani amewaambia mimi sitaki kuuza?"

"Kadi yenu imesema hapana miaka yote."

"Kadi ya mzee ndiyo imesema hapana," akasema. "Yeye alikuwa mtu wa hapana. Nikimwongezea sukari, hapana. Halafu anakunywa kikombe changu chenye sukari, mpaka chini. Mimi nikija huko kwenu nilikuwa nainua mkono wake. Nilikuwa najiuliza, angekuwepo angesema nini, nainua. Wangu sijawahi kuinua."

Nikaangalia maharagwe.

"Na wako ungesema nini, mama?"

"Auziwe."

Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya ndani ya nyumba kwanza. Kisha akaendelea: "Yule kijana wenu wa katikati, mwembamba, amekula hapa miezi mitatu. Sijamwita. Alikuja kunisaidia kubeba maji, nikamwona anaangalia sufuria. Sasa anakuja na mwenzake. Nyinyi mnasema timu ni ya wanachama. Sawa. Na ile njaa ni ya wanachama gani? Kwa maana kwenye mkutano sijaona mtu ameinua kadi akasema njaa ni yake."

Nilikuwa na majibu. Nilitaka kusema habari ya tajiri kuamka na hasira. Nilitaka kusema kwamba kitu kikiuzwa hakirudi. Bado naamini majibu yale yalikuwa na uzito. Lakini chai niliyokuwa nayo mkononi alinipa mtu aliyekuwa akilisha timu yangu bila mimi kujua, na nilishindwa kuyasema huku nainywa.

Nikafungua rejista kwenye ukurasa mpya. "Jina?" nikamuuliza, na nilipouliza tu nikaona aibu. Miaka yote nilimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama watu wote. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kitambulisho kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Yalikuwa majina matatu, na la kati lilikuwa zuri sana. Nilimwambia hivyo.

"Hilo nalisikia hospitali tu," akasema. "Wakiita kwa dirisha la dawa mimi hukaa, nafikiri wanamwita mtu mwingine."

Nililiandika kwa mwandiko wangu wa polepole. Alisimama nyuma yangu akiangalia. Sijui kama aliweza kusoma yote, na sikuuliza. Nilipomaliza akanyoosha kidole, hakugusa karatasi, akakipitisha juu ya mstari wote kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nikija mkutano, naweza kuja na kadi ya mzee? Ikae tu."

Nikafikiria. "Inaweza kukaa. Isiinuliwe."

"Haitainuliwa."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule moja ya msingi karibu na barabara ya Ngong, Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Nilisimama mbele nikasoma majina ya marehemu, moja moja. Mweka hazina, mtu asiyeweza kukaa na huzuni dakika tano, alisema hiyo ni timu kamili, imekosa tu wa akiba. Watu wakacheka, kisha wakasimama bila kuambiwa.

Waliokasirika walikuwepo. Kijana mmoja mwenye suti, anafanya kazi wizarani, aliinua kadi ya baba yake juu. "Baba yangu alipiga panga majani ya uwanja wetu kwa mikono yake. Leo fundi viatu anasema si mwanachama?"

"Alikuwa mwanachama bora kuliko mimi," nikasema. "Nimemsoma wa tatu. Lakini yuko makaburini Lang'ata, ndugu yangu. Hawezi kuamua mishahara ya kesho."

"Na mimi?"

"Wewe tumekuwa tukikungoja uandikwe tangu umalize shule."

Hapo wenzake wakamcheka, akakaa. Najuta kidogo. Huenda alistahili jibu laini zaidi.

Kisha kura. Wanaotaka kuuza wainue kadi. Nilipita katikati ya viti nikihesabu, na katibu akinifuata nyuma akihesabu pia ili tusibishane. Nilipofika safu ya yule mama, kadi ya mumewe ilikuwa juu ya kiti imetulia. Mama mwenyewe alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, mapajani, kama unavyomshika mtoto kanisani asisimame. Nilimpita. Sikumhesabu. Nimeandika siku hiyo daftarini: "Nimempita." Hakuna kitu kingine siku hiyo.

Wanaouza walishinda kwa kura saba. Mimi niliinua ya hapana, nikashindwa pamoja na wenzangu.

Nje katibu alinisimamisha mbele ya watu. "Kumi na moja ulizofuta. Saba tulizoshindwa. Umeuza timu kwa kalamu, fundi."

Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko yeye. Kama marehemu wote wangesema hapana, muuza vigae angeshindwa. Wangesema wote? Wawili kati yao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa. Na mmoja, najua sasa, mkono wake ungeinuliwa na mtu asiyetaka kuuinua. Hata hivyo huwa siishi na jibu hilo muda mrefu. Baadhi ya marafiki walikaa miezi bila kupita kibandani, na viatu vyao niliviona vikitembea ng'ambo ya barabara, vimeshonwa na fundi mwingine, vibaya.

Ya baadaye nitayaandika yote mawili, mema na mabaya. Mishahara ilianza kuja mwisho wa mwezi, kila mwezi. Yule kiungo mwembamba alinenepa, akahamia chumba chenye maji, akamletea mama wa Riruta kilo kumi za unga na kuona haya kumpa mbele yangu. Lakini kocha wetu wa miaka mingi aliachishwa kwa simu, na wapiga ngoma walihamishwa nyuma ya goli ili wageni wa jukwaa kuu wasikilizane. Wachezaji walipewa viatu vipya, hata kazi yangu ikapungua. Hili la mwisho nisilihesabu kama kosa lake.

Mwaka uliofuata tulikutana sisi wa theluthi, ukumbi ule ule. Muuza vigae alikuja na ombi: kiti kimoja kati ya viti vya wanachama kwenye bodi mpya ya timu, mtu wa kukikalia awe anamchagua yeye, ili mambo yaende haraka. Aliomba kwa adabu. Alikuwa ametimiza alivyoahidi, nami nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa hapana, nikaona pengine haki ni kumwamini. Niliinua kadi yangu ya ndiyo wakati wenye ndiyo walipoitwa, nikajihesabu, nikaandika.

Walipoitwa wenye hapana nikaanza tena kupita kwenye safu. Nilikuwa na uhakika mama wa Riruta ameshasema ndiyo, katibu akamhesabu nikiwa nimeinamia karatasi. Nikamkuta amekaa wima, kitambaa cheupe, kadi yake mpya imeinuliwa juu, mkono umenyooka kabisa kama wa mtu anayesimamisha gari.

Nikasimama. "Hapana, mama? Mwaka jana si ulikuwa upande wa muuza vigae?"

"Mwaka jana ilikuwa chakula cha vijana," akasema. "Hiki ni kiti chetu. Hajakiomba vizuri."

"Mimi nimempa."

"Nimekuona. Ni sawa, wewe una kura yako."

Bado nilikuwa nimesimama, penseli hewani, nikiangalia jina lake kwenye ile kadi, mwandiko ukiwa wangu. Mkono wake hakuushusha.

"Hesabu, fundi," akasema. "Nachoka."